Kurefusha Helikopta

Faustina Kalinga aliikata helikopta katikati siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa msumeno ule ule mwembamba anaokatia plasta za meno. Hakuwa amekunywa chai. Tangu saa moja alikuwa akiipima, akichora mstari kwa penseli, akiufuta, akiinuka kwenda dirishani kutazama kama mvua imekatika, akirudi kuuchora tena. Mwishowe akajiambia kwa sauti, "Ukiendelea kupima utazeeka hapa," akaubana mwili wa plastiki kwenye jiliwa na kuanza kukata nyuma kidogo ya milango ya mbele. Unga mweupe ukamwagika mezani. Vipande viwili vilipoachana moyo ulimruka, kama mtu aliyevunja sahani ya wageni.

Alikuwa fundi wa meno bandia. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, na madaktari wa meno wa mjini walimletea alama za vinywa vya wagonjwa wao, naye akawatengenezea meno ya kutafunia na ya kuchekea. Mmoja wa madaktari hao, Mjerumani, alipomaliza mkataba aligawa vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Wenzake walichukua jiko, magodoro na friji. Faustina alichukua boksi moja ambalo halikuwa limefunguliwa bado. Ndani yake mlikuwa na helikopta ya kuunga mwenyewe, ndogo mara thelathini na mbili kuliko ya kweli, vipande vyake vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki kama matunda mabichi kwenye kikonyo.

Aliichukua kwa ajili ya baba yake. Mzee Timotheo Kalinga alikuwa amekaribia kutimiza miaka sabini, na zamani, kabla hajarudi kijijini kwake Kalenga, Iringa, kulima nyanya, alikuwa fundi wa helikopta. Picha iliyokuwa juu ya boksi ilifanana kabisa na helikopta aliyoihudumia. Ndivyo Faustina alivyodhani, mpaka alipoitoa picha ya zamani aliyoificha ndani ya Biblia na kuiweka kando ya boksi. Kwenye picha ile baba yake alisimama kwenye vumbi la Chunya, nywele bado nyeusi, mikono imejaa grisi, na kando yake rubani mrefu mwenye miwani ya jua akicheka. Nyuma yao ilikuwa helikopta. Faustina alihesabu madirisha ya ubavuni. Matatu. Akahesabu ya kwenye boksi. Mawili.

Alitafuta kwenye simu, akaelewa. Mashine ile ilitengenezwa kwa aina mbili, fupi ya watu watano na ndefu ya watu saba. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja, pua moja, mlio mmoja, ila ile ndefu iliongezwa kipande katikati na kuwekewa mabawa mawili madogo ya kusimama kwenye mkia. Daktari aliacha ile fupi. Baba yake alihudumia ile ndefu.

Mtu mwingine angeiunga ilivyo. Nani angejua? Lakini Faustina hakuwa na utulivu wa namna hiyo. Binti yake alikuwa ameondoka kwenda chuo Dodoma, nyumba ilikuwa kimya, na kila alipokaa alihisi kuna kitu anatakiwa kukifanya ambacho hajakifanya. Akaamua kuirefusha.

Kulikuwa na jambo jingine, naye alilijua ingawa hakupenda kulitazama usoni. Helikopta ile ya kwenye picha haikuwepo tena. Ilikuwa ya kampuni ya kutafiti madini, na miaka ishirini iliyopita iligonga mlima kwenye mawingu, ikitoka Chunya kwenda Mbeya kuchukua wageni. Rubani Makame Abdulkarim alikuwa peke yake ndani, akafa pale pale. Kwa kawaida Timotheo alikaa naye kiti cha kushoto, lakini siku ile alibaki kambini kusubiri lori la mafuta. Wachunguzi walimhoji wiki mbili, wakakagua madaftari yake ya matengenezo ukurasa kwa ukurasa, wakaandika kwamba chanzo ni hali ya hewa na fundi hana kosa. Timotheo akarudi Kalenga na sanduku lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda. Hakuligusa tena. Faustina alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alisubiri baba aseme kitu. Baba hakusema.

Alichokifanya baba ni kuzunguka. Hakuweza kumaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. Shambani alimaliza kazi zake na kuanza za jirani.

*

Kipande cha kuongezea kilimsumbua Faustina wiki nzima. Alizishika pande mbili za helikopta kwa nta, akaacha nafasi ya sentimita mbili na ushee katikati, akachonga nta ifuate mviringo wa mwili, akaizungushia plasta kupata kalibu, kisha akamwaga akriliki, plastiki ya majimaji inayoganda. Hakuwa na akriliki nyingine ila ile ya waridi, ya kutengenezea fizi. Kipande cha kwanza kilipasuka kwenye kona ya dirisha. Cha pili kilitoka kizima, lakini alipokiunga mkia ulielekea kulia, kama ng'ombe anayefukuza nzi. Akakibandua, akakisaga, akakiunga upya. Wagonjwa walipiga simu kuulizia meno yao. Akawaambia kesho, na kesho yake akawaambia kesho.

Mabawa ya mkiani aliyakata kwenye kile kikadi cha plastiki kinachobeba laini ya simu. Dirisha la tatu alilitengeneza kwa akriliki isiyo na rangi. Ikawa ndefu kweli, nyeupe mbele, nyeupe nyuma, na tumbo la waridi. Aliitazama, akaridhika kwa muda wa kama dakika tano. Kisha wasiwasi ukarudi. Picha yake ilionyesha ubavu wa kulia tu. Kushoto kulikuwaje? Picha za kwenye simu zilikuwa za mashine nyingine, kila moja na mambo yake.

Alimpigia mama yake, Evarista.

"Mama, baba yupo?"

"Yuko nje. Anatengeneza uzio. Ule ule aliotengeneza juzi."

"Nataka kumuuliza kitu kuhusu helikopta yao."

Faustina alisikia kuku na mtu akigonga msumari kwa mbali.

"Faustina, mwanangu, usimchokoze baba yako."

"Simchokozi. Ninamtengenezea zawadi."

"Na zawadi gani hiyo? Mtu ameungua, wewe unamletea moto kwenye boksi?"

Maneno hayo yalimchoma. Alikata simu, akaifunika helikopta kwa kitambaa, akarudi kwenye meno ya watu. Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alfajiri alikuwa stendi, boksi mapajani, tiketi ya Iringa mkononi. Mapanga ya juu, yale yanayozunguka, hakuyabeba. Yalikuwa membamba, aliogopa yatavunjika njiani, akayaacha maabara kwenye bahasha.

*

Kalenga alifika alasiri. Baba yake alikuwa uani akikunja mipira ya kumwagilia.

"Kamwene, mwanangu! Mbona hukusema unakuja?"

"Kamwene, baba. Ningesema ungekimbilia shambani."

Timotheo alicheka, lakini macho yalikuwa tayari kwenye boksi. Mama Evarista alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akamtazama binti yake kwa jicho ambalo Faustina alilifahamu tangu utotoni. Faustina hakurudi nyuma. Aliliweka boksi kwenye benchi, akalifungua, akaitoa helikopta na kuisimamisha kwenye miguu yake.

Timotheo aliitazama mdomo wazi kidogo. Mkono wake ulinyanyuka, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni. Kisha akageuka, akachukua jembe lililoegemea ukutani, akatoka kwa hatua ndefu kuelekea mtoni kwenye nyanya zake.

"Umeona?" mama alisema. "Nilikwambia nini?"

Faustina alikaa kwenye benchi. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Alifikiria kuirudisha kwenye boksi na kuondoka asubuhi. Akainuka, akachota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, akafagia ua uliokuwa umefagiliwa. Mama alimtazama.

"Mko sawasawa, wewe na baba yako," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika.

Haikupita saa moja Timotheo akarudi. Jembe lilikuwa bado begani, kavu, halina hata punje ya udongo. Hakumtazama binti yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akainama.

"Kushoto umekosea," alisema.

"Nimekosea nini, baba?"

"Umeweka ukuta na dirisha. Kushoto pale hapana ukuta. Ni mlango. Mlango mdogo, katikati ya hii miwili. Ukifungua yote mitatu unapitisha machela na mgonjwa amelala." Akagusa tumbo la waridi kwa ncha ya kidole. "Hii nini?"

"Fizi."

"Fizi?"

"Akriliki ya fizi. Sikuwa na nyingine."

Timotheo alitoa sauti ambayo kwanza Faustina hakujua kama ni kicheko au kikohozi. "Makame angeiona hii," alisema. Lilikuwa jina ambalo halijatamkwa katika ua ule kwa miaka ishirini. Mama Evarista aliingia jikoni, akarudi na kigoda, akakiweka nyuma ya mumewe.

Walifanya kazi siku tatu. Timotheo alilivuta sanduku la spana kutoka chini ya kitanda, ingawa hakuna spana hata moja iliyofaa kwa kitu kidogo namna ile. Alichotafuta humo ni kalamu na rula yake ya chuma. "Sabini na sita," alisema. "Sentimita sabini na sita ndizo walizoongeza. Wewe umeweka ngapi?" Faustina akamwonyesha hesabu yake, sabini na sita gawanya kwa thelathini na mbili, naye akaipitia mara mbili kama mwalimu asiyemwamini mwanafunzi. Mlango wa kushoto waliukata upya. Bawaba zake Timotheo alizitengeneza kwa waya wa kufungia magunia, mlango ukafunguka na kufungika. Walipaka rangi nyeupe, na mstari wa rangi ya chungwa ubavuni. Timotheo alikuwa akiinuka kila baada ya muda, akizunguka nyumba, akirudi na jambo jipya alilolikumbuka. Ngazi ya mguu ilikuwa imepinda kidogo. Kiti cha nyuma kilikuwa na kiraka.

Siku ya tatu, akiwa ameshika brashi, alianza kusema bila kuulizwa.

"Asubuhi ile niliikagua mwenyewe. Ilikuwa nzima. Nakwambia ilikuwa nzima, Faustina."

"Najua, baba. Hata wao waliandika."

"Waliandika, ndiyo. Nilimwambia Makame asubiri mawingu yapande. Akasema wageni wanasubiri. Akasema, basi twende wote uwe unanisaidia kutazama. Mimi nikasema hapana, lori la mafuta linakuja, nani atalipokea? Lori lenyewe lilifika kesho yake." Aliichovya brashi, hakuipaka popote. "Ningekuwa nimekaa kushoto, macho manne. Labda tungeuona mlima. Labda na mimi ningekufa. Sijui. Kila siku naligeuza hivi, naligeuza hivi."

Faustina alishika upande wa pili wa helikopta isitikisike.

"Mazishini sikwenda," baba aliendelea. "Walikuwa bado wananihoji. Walivyoniachia arobaini ilikuwa haijafika, ningeweza kwenda. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo nikaona aibu, kwa nini sikwenda wiki iliyopita. Ikawa mwaka. Baada ya mwaka unaanzaje?" Akamtazama binti yake usoni. "Yule mama bado yupo?"

Yupo. Faustina alijua vizuri mno. Mwanakhamisi, mjane wa Makame, alishona sare za shule Sisimba, kwenye nyumba ya geti la kijani. Kwa miaka yote aliyoishi Mbeya, kila alipofika mtaa ule Faustina alivuka barabara na kupita upande mwingine. Hakuna aliyemtuma. Alimwambia baba yake hivyo hivyo, na Timotheo akaweka brashi chini.

"Basi kesho," alisema.

"Rangi haijakauka, baba."

"Itakauka njiani."

*

Waliposhuka stendi ya Mbeya baridi ya Juni ilikuwa imekaza. Faustina alitaka waende kwanza Soweto, wale, waoge, waweke mapanga, waende kesho yake kama watu. Timotheo alikataa. "Nikikaa nitabaki," alisema, akatangulia kutembea ingawa njia hakuijua.

Kwenye geti la kijani alipiga hodi mara moja tu, kwa sauti ndogo. Mwanamke mnene wa makamo alitoka, futi ya kupimia imening'inia shingoni, ushungi kichwani. Aliwatazama, akamtazama Timotheo zaidi.

"Shemeji," Timotheo alisema. "Mimi ni Timotheo. Fundi wa Makame."

Mwanakhamisi alishika nguzo ya geti. Pikipiki ilipita, na mlio wake ukaisha kabisa ndipo aliposema, "Karibuni ndani."

Ndani aliwaweka kwenye makochi, akasukuma kando rundo la sketi za bluu, akaleta chai ya tangawizi na kaimati. Aliuliza habari za Iringa, habari za mama, habari za mavuno. Timotheo alijibu kila swali kwa neno moja. Mwishowe alianza, "Shemeji, nimekuja kukupa pole, nimechelewa—" naye Mwanakhamisi akamkatiza.

"Umechelewa miaka ishirini."

"Ndiyo."

"Wapo waliosema ni wewe. Shemeji yangu mmoja alisema hapa hapa sebuleni, fundi yuko wapi, mbona haonekani. Mimi ile ripoti niliisikia. Walinisomea yote. Nikawaambia fundi hana kosa." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini vidole vilikuwa vikiikunja na kuikunjua futi ile. "Ajali niliipokea, ilikuwa ya Mungu. Lakini kutokuja kwako siyo Mungu. Ile miguu ilikuwa yako."

Timotheo aliinamisha kichwa.

"Ulikula naye, ulilala naye hema moja, miezi minane," Mwanakhamisi aliendelea. "Mtu wa mwisho kuongea naye ni wewe. Mimi nilitaka uje uniambie tu. Alikula nini asubuhi? Alikuwa na hasira? Alicheka? Nani mwingine angeniambia?"

Timotheo akasema, "Alikula viazi vitamu. Alilalamika havina chumvi. Akaniambia, fundi, nikifika Mbeya nitapita nyumbani nile chakula cha mtu aliyefundishwa kupika."

Mwanakhamisi alifunika uso kwa ushungi. Faustina alisogea karibu asijue kama anaruhusiwa kumgusa. Mwanamke yule alipofunua uso macho yalikuwa yamelowa, mdomo unacheka.

"Havina chumvi," alisema. "Na hapa alikuwa anasema nazidisha."

Ndipo Faustina alipolifungua boksi. Mwanakhamisi alirudi nyuma kwenye kochi, mkono kifuani. "La, hicho sikukitegemea," alisema. Faustina akaanza kuirudisha haraka, lakini yeye akamzuia. "Subiri. Alikaa wapi?"

"Kulia," Timotheo alisema. "Rubani wa helikopta hukaa kulia. Hapa." Akaigeuza. "Na mimi hapa, kushoto."

Mwanakhamisi aliinama, akachungulia kwenye kioo kidogo cha mbele kwa muda mrefu, jicho moja limefumba kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Alifungua mlango mdogo wa kushoto, akaufunga. Kisha akaitazama juu.

"Mbona haina mapanga?"

"Yako nyumbani kwangu, mama," Faustina alisema. "Baba hakutaka kusubiri."

"Basi kayawekeni. Siwezi kupokea kitu ambacho hakijakwisha, nikakaa nacho hapa nakitazama hakiwezi hata kuruka." Aliinuka, akaanza kukusanya vikombe. "Ijumaa tunamsomea Makame dua, baada ya alasiri. Mje nayo. Na wewe fundi uje na hayo maneno yote, ya hasira na ya kucheka. Wanawe wawili watakuwepo. Walikuwa wadogo, hawajui hata alivyokuwa akitembea."

*

Ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi Faustina alitoka kununua mkate, na aliporudi alimkuta baba yake amesimama kwenye meza ya maabara, amevaa koti la kazi la bintiye lililomfika kiunoni tu, mikono imebana. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Mapanga mawili yalilala kando ya rula ya chuma.

"Haya ni ya ile fupi," Timotheo alisema bila kugeuka.

"Baba, hayo ni mapanga tu. Nani ataona?"

"Mimi nitaona. Ile ndefu ilikuwa nzito, wakaipa mapanga marefu. Kila moja liongezwe karibu sentimita moja na robo tatu. Una plastiki ya kutosha?"

"Sina."

"Na hiyo fizi yako?"

"Itakatika, baba. Nyembamba hivyo itakatika."

"Tujaribu kwanza." Alikwenda mlangoni, akatazama nje, akarudi. Akaliinua panga moja kwenye mwanga, akalipindisha polepole kuona litakubali kiasi gani. "Leo Jumatano. Tuna kesho tu. Washa hiyo mashine yako ya kusagia."

Faustina aliuweka mkate juu ya rafu, kati ya taya mbili za plasta, akawasha mashine.